Bakuli la plaiwudi lisijifanye mpingo

Wiki iliyopita mteja alinirudishia bakuli la plaiwudi. Umbo alilipenda, na jinsi linavyokaa mkononi alilipenda, ila alitaka nilipake rangi nyeusi ili mgeni wake akiliona adhani ni mpingo. Nilikataa. Hela yenyewe nilikuwa naihitaji, lakini kazi ile siiwezi.

Kiwandani, kama vile kule Mafinga, gogo la mpaini au mlingoti huzungushwa huku kisu kirefu kikilimenya kama chungwa. Maganda hayo hugundishwa, kila moja nyuzi zake zikikatiza za mwenzake, na huo ndio ubao wa plaiwudi. Ukipanga vipande vitano vya ubao huo wa milimita 18 unapata kimo cha sentimita 9, na ukivikereza, yaani kuvichonga vikizunguka kwenye mashine, kila ganda linatokeza kama mstari. Pale ukuta wa bakuli unaposimama, mistari ni myembamba na imebanana. Pale unapolala kuelekea kwenye kitako, inapanuka na kujikunja. Aliyewahi kusimama kwenye makorongo ya Kondoa akaona udongo ulivyochimbwa na maji, tabaka juu ya tabaka, anaijua sura hiyo. Ndiyo hiyo naambiwa niifukie kwa rangi.

Kuna na hali ya hewa yetu. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, halafu ni upepo na ukavu. Nilikereza bakuli la mninga ambao haujakauka sawasawa. Agosti likapasuka kuanzia ukingoni hadi karibu na kitako. Mbao ya kawaida husinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haisinyai kabisa, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Kwenye plaiwudi maganda yanazuiana. Mabakuli yangu ya mwaka juzi bado ni mazima.

Fundi anayeidharau plaiwudi huwa ameijaribu na patasi butu. Gundi iliyo ndani inakula makali haraka mno, na kila robo ya mzunguko chombo kinakutana na nyuzi zilizogeuka, kwa hiyo zinang'oka. Mimi nanoa kabla sijaona haja ya kunoa, na mkato wa mwisho nauchukua kidogo sana kabla ya msasa. Barakoa sivui, maana vumbi lile lina gundi. Marini bodi, plaiwudi ya kufungia zege kwenye ujenzi, ikiwa imekwisha kumwagiwa zege siigusi: misumari na mchanga vitakuharibia chombo, na kipande kikichomoka kinaelekea usoni.

Natumia masalia ya mafundi makabati, ambao wameongezeka sana mjini tangu Serikali ihamie. Vipande vile vingi huishia jikoni kama kuni, na moshi wa gundi nao si wa kuvuta. Hata kipande kimoja cha mraba kinatosha: unainamisha msumeno digrii 45, unakata pete ndani ya pete, kisha unazipandisha moja juu ya nyingine, kubwa juu, ndogo chini. Kiini kinakuwa kitako. Unapaka gundi, unabana kwa jiliwa, unaacha hadi kesho yake. Sijaona njia nyingine inayotoa bakuli kwa upotevu mdogo namna hiyo, na katika mkoa uliokatwa miti kama huu wetu jambo hilo kwangu ni zito.

Uji wa moto usitiwe humo. Nawaambia wateja wote, hata kama mauzo yatapungua. Ni la zabibu, karanga, ubuyu, funguo za nyumba.

Mteja wangu nilimwomba akae nalo mwezi mmoja kama lilivyo, vanishi tu isiyo na rangi, na asipolipenda nitamrudishia hela yake yote. Ameliweka sebuleni, juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Jana amepiga simu kuulizia la pili, kubwa zaidi, na rangi hakuitaja.