Msimuuzie anayeanza ndege ya kivita

Jumapili iliyopita, kwenye kiwanja cha mpira huku Mwanga, Kigoma, nilimtazama kijana wa miaka kumi na tisa akiokota vipande vya ndege yake ndogo ya rimoti na kuvitia kwenye kiroba cha sembe. Hakulia, lakini hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Ndege ilikaa hewani kwa muda wa kuhesabu moja mpaka nane. Pesa aliyoinunulia ameichanga miezi saba, akianika dagaa Katonga na kubeba mizigo Kibirizi.

Nina hasira, na sina hasira naye. Alipiga simu dukani, akaeleza vizuri kabisa kwamba hajawahi kurusha kitu chochote zaidi ya tiara, anataka kujifunza. Akauziwa ndege yenye umbo la kivita, mabawa mafupi, pua imechorwa meno ya papa. Akaambiwa hata anayeanza anaiweza.

Haiwezekani. Bawa dogo lililobebeshwa uzito mkubwa halikai hewani ila kwa mbio. Ukipunguza mwendo kidogo tu, linaachia. Sasa fikiria mtu ameshika rimoti kwa mara ya kwanza, mikono inatetemeka, ndege inamkimbia. Akiogopa atafanya nini? Atavuta pua juu. Kila mtu huvuta pua juu. Mwendo unaisha, bawa moja linadondoka kabla ya lingine, ndege inageuka na kushuka kichwa chini. Nimeona hivyo Jumapili, hatua kumi na tano kutoka niliposimama, na mlio wa foamu ikivunjika shinani mwa bawa bado ninao masikioni.

Anayeanza anahitaji glaida, ndege inayoteleza hewani kwa mabawa yake bila kutegemea injini. Mabawa marefu, mita moja na nusu mpaka mbili kutoka ncha hadi ncha, mapana, na jumla yake isizidi kilo moja. Mabawa yawe yameinuliwa nchani, ukiitazama kwa mbele unaona kama herufi V iliyofunguka sana. Mwinuko huo si urembo. Ndege ikilala upande mmoja huanza kuteleza kuelekea huko, na bawa la chini linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi kuliko la juu, kwa hiyo linanyanyuliwa. Yaani ukiachia mikono yote miwili, glaida inajinyoosha yenyewe. Kijana wetu angekuwa na bawa la namna hiyo, angeachia, akavuta pumzi, akaanza upya akiwa bado yuko hewani. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza: kwa kupata nafasi ya pili ndani ya mruko uleule.

Na waliotutangulia walianza hivyohivyo. Otto Lilienthal alijijengea kilima cha udongo karibu na Berlin mwaka 1894 ili apate pa kurukia na glaida zake. Alijenga kilima! Ndugu wa Wright, Orville na Wilbur, walirusha glaida mwaka 1900, 1901 na 1902, mamia ya miruko, ndipo mwaka 1903 wakafunga injini. Sisi wa Kigoma vilima tumepewa, upepo wa ziwa unapanda mteremko mchana bila kulipiwa senti, halafu kijana wetu anaanzishiwa mwisho wa safari.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji walio mbali hawalifikirii. Huku ukivunja kipuri, unasubiri basi au treni, na unasubiri wiki. Kwa hiyo ndege ya kwanza ichaguliwe kwa jinsi inavyotengenezeka. Ikiwa ya foamu inayobonyea badala ya kupasuka kama chaki, unairudisha hewani jioni hiyohiyo kwa gundi, selotepu na ufito mwembamba wa mwanzi uliozamishwa ndani ya bawa. Zile za mbao nyepesi ni nzuri kweli, nazipenda, lakini ziwe za pili au za tatu. Na nunua rimoti inayoweza kuunganishwa na ndege nyingine, kwa sababu ndege zitapita na rimoti itabaki.

Mota? Haya, nakubali, mota ndogo ina faida yake, hasa ile yenye propela inayojikunja ikizimwa. Viwanja vya wazi mjini kwetu ni vichache, nayo inakufikisha juu bila kamba ya kuvutia. Lakini ipandishe nusu dakika, uizime, uruke. Anayetegemea mota kila mara bado hajajua bawa lake linafanya nini.

Kabla ya hayo yote, rusha kwa mkono kwenye majani marefu, saa moja asubuhi, upepo wa ziwa haujaamka. Kwanza pima mizani: weka vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au kidogo nyuma ya hapo kama karatasi yake inavyoelekeza. Ikae sawa. Mkia ukilemea, ongeza uzito puani. Chubwi ya mshipi inatosha. Kisha elekea upepo, isukume mbele kama mkuki wa polepole, pua ikitazama upeo, usiirushe juu. Ikienda moja kwa moja na kutua yenyewe, iko tayari. Ikiinua pua, ikasita, ikadondoka, rudi kwenye mizani.

Kinachowashinda wengi ni ndege ikigeuka na kuja kwako, kushoto kunakuwa kulia. Usipige hesabu kichwani. Tazama bawa lipi limeshuka, sukuma kijiti upande huohuo, kama unaliwekea nguzo chini. Mkono utazoea wenyewe.

Mteremko wa Bangwe usubiri. Mbele ni maji, na nyuma ya mgongo wa kilima upepo unajikunja na kuigonga ndege chini. Kaa mbali na njia za ndege za uwanja wetu wa ndege, na uliza TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kuhusu vibali kabla hujaanza kuzoea mahali. Betri za lithiamu usiziache kwenye chaja ukaenda kulala, volti 4.2 kwa seli ndiyo mwisho wake.

Jumatano kijana alikuja nyumbani na kiroba chake. Tulikimwaga sakafuni, tukachambua. Kipokezi, kile kinachopokea amri za rimoti, kizima. Vile vimota vidogo vinavyosukuma vibao vya mkia, vitatu kati ya vinne vizima. Rimoti, bahati nzuri, si ya kufungwa na ndege moja. Tulikata bawa la mita moja na nusu kutoka kwenye foamu iliyofungia friji ya jirani, tukaliinua nchani, tukaweka mwanzi ndani. Meno ya papa hatukuyarudisha.

Leo asubuhi ametupa mara kumi na moja. Ya mwisho tumeipima kwa hatua: thelathini na mbili, imetua kwa tumbo, hakuna kilichovunjika. Akaikimbilia, akaigeuza, akafuta umande bawani kwa kiganja, akaniambia, "Kaka, subiri kidogo, natupa tena."