Kikopo cha kipande sandukuni mwa bibi

Baada ya hitima ya bibi yetu, hapa Malindi, tulifungua sanduku lake la mbao ili tugawane leso zake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo mara mbili, nilikuta kikopo cha bati chenye kutu, kamba yake ingalipo. Kilikuwa kikopo cha kipande, yaani cha kubebea shingoni kitambulisho cha enzi ya ukoloni. Baba alitulea tukiamini kwamba babu alitoka Hadhramaut, Uarabuni; ilhali kipande walilazimishwa kukibeba wanaume Waafrika. Shangazi alikitwaa mkononi mwangu, akakifunga tena, akasema, "Hayo yaache, mwanangu."

Tangu siku hiyo nazisoma kwa jicho jingine riwaya za kihistoria za vijana zinazohusu ubaguzi wa rangi. Nyingi nilizozipata zinasimulia ya Marekani, na siri zake zinakaribiana: bibi mwenye asili ya Kiafrika aliyehama kwao, akaishi mji wa mbali akihesabiwa Mzungu, asiwaandikie tena ndugu zake. Kijana wa huku huona ni ukatili wa moyo, mpaka aelezwe kwamba sheria ya Virginia ya mwaka 1924 ilipiga marufuku ndoa ya Mzungu na mtu mwenye damu ya Kiafrika, hata iwe chembe, na kwamba Mahakama Kuu ya Marekani haikuzibatilisha sheria za namna hiyo hadi mwaka 1967. Neno moja kuhusu mama mzazi lingeweza kuvunja nyumba.

Huku kwetu serikali ya kikoloni iligawa hata shule: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Aliyeweza kujiegemeza kwenye nasaba ya Uarabuni alifanya hivyo, na waliobaki nyuma walikuwa mara nyingi ndugu zake wa damu. Tena jeraha lilikuwepo kabla ya Waingereza. Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoineemesha Malindi katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii hadi mwaka 1907. Kwa hiyo riwaya inayomtwika mkoloni peke yake lawama zote huniacha na njaa, sawa na ile inayofichua siri katika sura ya mwisho, watu wakakumbatiana, pasiwe na aliyepoteza chochote.

Nataka riwaya hizo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa miaka 14 na 15. Najua wazee watasema tunafukua makaburi, na hofu yao naiheshimu, kwani katika mji mdogo nasaba ya mtu hugusa posa, mirathi na salamu za msikitini. Lakini mwandishi wa riwaya hahitaji kutaja nyumba ya mtu. Humbuni binti, akampa bibi na sanduku, akamwacha aulize yale ambayo sisi tulikatazwa.

Binti wa dada yangu, mwenye miaka 14, alipokiona kile kikopo aliniuliza kama babu alikivaa juu ya kanzu au ndani yake. Sikuwa na jibu. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchicha kando yetu, alisema bila kuinua kichwa: "Ndani."