Msingi Huonekana Mdogo

Nilianza kumtangaza fundi wetu siku matofali yalipobaki.

Aliyewahi kujenga anajua uzito wa habari hiyo. Kwenye ujenzi hakuna kitu kinachobaki. Saruji huisha ukuta ukiwa katikati, misumari huisha fundi akiwa keshapanda juu, na nondo hupungua usiku huku mlinzi akiapa kwamba hakufumba jicho. Sisi tulimaliza kuta za msingi, na karibu theluthi ya matofali ilikuwa bado imepangwa pembeni ya kiwanja, haijaguswa. Stoo, mifuko ya saruji ilikuwa imelala juu ya mbao zake. Hata kokoto zilibaki. Fundi alinitembeza mbele ya mali hiyo polepole, akafuta jasho, akasema, "Bosi, mimi siibi."

Jioni ile nilipiga simu mpaka chaji ikaisha. Niligawa namba ya fundi kwa ndugu, kwa majirani, kwa watu waliokuwa hawana hata kiwanja.

Nyumba yenyewe haikuwa ya ramani ya kuokota. Mke wangu ni fundi cherehani, na alitaka nyumba ishonwe kwa vipimo vyetu, siyo ile ya kununua ikiwa imetundikwa. Alikaa na msanifu majengo vikao kwa vikao. Dirisha hili lisogee, mlango ule ufungukie ndani, korido iwe na upana wa mita 1.2 ili watu wawili wapishane bila kuombana radhi. Msanifu alifuta na kuchora, akafuta tena, na mwisho wake tukapata ramani ya nyumba ya mita 14 kwa 11, chumba chetu kikiwa mita 4.2 kwa 3.6. Ilichapishwa kwenye karatasi ya A3, skeli 1:100, yaani kila sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi.

Hapo ndipo akaingia shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, na alijiteua msimamizi wa mradi siku tuliyopata kiwanja. Ana msimamo mmoja maishani: karatasi halisi haitoki nyumbani. "Ikipata tope? Ikinyeshewa? Mtajenga kwa kukumbuka?" Kwa kweli hapo hakukuwa na la kumjibu. Akaichukua ramani, akarudi na kopi safi, ndani ya mfuko wa plastiki, saizi nzuri ya kukunja mara moja na kuingia mfukoni mwa fundi. Ramani halisi ikaviringishwa ndani ya bomba lake, ikapandishwa juu ya kabati.

Saizi nzuri ya kuingia mfukoni ni A4. Na A4 ni nusu kamili ya A3. Ukipunguza mchoro kutoka A3 kwenda A4, kila mstari hubaki asilimia 71 hivi ya urefu wake, na eneo lote hubaki nusu. Mashine ya kopi haikuulizi kama unajenga. Inapunguza kila kitu kwa uaminifu, ila kimoja tu: maneno yaliyoandikwa yanabaki kusema yaleyale. Ile "SKELI 1:100" ilikuwa na herufi kubwa, kwa hiyo hata ilipopungua ilisomeka vizuri. Vipimo vya vyumba, vilivyoandikwa kwa tarakimu ndogo, viligeuka vijidoti vya wino.

Fundi si mtu wa kukwamishwa na vijidoti. Alitoa rula, akaweka juu ya karatasi, akaanza kusoma. Sentimita moja, mita moja.

Kigingi cha kwanza kilikuwa kimepigwa na msanifu mwenyewe alipokuja kutuonyesha nyumba ikae wapi. Alivuta uzi wa mstari wa mbele, akatutakia kheri, akaondoka. Kuanzia hapo kazi ikawa ya fundi, na nitasema ukweli, kumtazama mtu yule akiseti nyumba ni starehe. Kona alizipata kwa tatu-nne-tano: mita tatu upande huu, nne upande ule, na uzi wa mshazari ukisoma tano kamili, hapo una pembe mraba isiyobishaniwa. Kisha akapima mishazari ya nyumba nzima, kona hadi kona. Mita 12.6. Akapima mwingine. Mita 12.6. Akanigeukia kwa tabasamu. Usawa akauchukua kwa mpira wa maji, na maji hayadanganyi. Kila jaribio ambalo ujenzi unalijua, msingi ule ulilifaulu. Ukipunguza mchoro, pembe hazipungui. Nyumba inabaki mraba, inabaki sawa, inabaki nzuri, ila imekuwa nyumba ya mtoto wake.

Mitaro ilipochimbwa nilisimama ukingoni nikahisi kitu.

"Fundi, mbona kadogo?"

"Bosi, msingi huonekana mdogo."

Na huo ni ukweli, wala si uongo wa mafundi. Muulize yeyote aliyejenga. Mistari ikiwa chini, kwenye ardhi tupu, na mbingu yote ipo juu yake, chumba kikubwa huonekana kama hakitoshi mkeka. Kuta zikipanda, nafasi inajitokeza. Kwa hiyo nilipompigia msanifu akacheka, akasema kila mteja humpigia siku hiyohiyo kwa swali hilohilo. Jirani aliyekuwa ameshahamia kwake alisema msingi wake yeye ulimtoa machozi. Shemeji alisema ndivyo ilivyo. Nikaona nimezungukwa na wazoefu, nikanyamaza.

Akaja mkaguzi. Akapima kina cha mtaro, sawa. Upana wa mtaro, sawa, maana huo fundi hakuupima kwenye karatasi, anao kichwani miaka mingi. Nondo, sawa. Umbali kutoka nyumba hadi mpaka wa nyuma? Hapo mkaguzi alifurahi waziwazi. "Wengi hubana hapa mpaka sentimita ya mwisho. Nyinyi mmeacha nafasi ya kutosha!" Shemeji akapokea pongezi hizo kwa niaba yetu sote.

Mtu mmoja tu pale alikuwa na mashaka, na hakuna aliyemsikiliza kwa sababu alikuwa saidia fundi, kijana wa kusukuma toroli. Siku moja alisimama ndani ya kuta za msingi, akauliza, "Hii ni stoo?"

"Hicho ni chumba cha bosi na mama," fundi akamjibu.

Kijana akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Akasogea hatua moja, na hatua hiyo moja ikampeleka chumba kingine. "Na hapa?"

"Choo."

Akaingia, akajaribu kugeuka, mabega yakamgonga huku na huku, ikabidi atoke kinyumenyume. "Basi mtu aamue kabla hajaingia," akasema, akarudi kwenye toroli lake.

Tulicheka. Tulimcheka yeye.

Na kumbuka, matofali hayakupitia kwenye mashine ya kopi. Ukuta wa milimita 150 kwenye karatasi ile ulikuwa umekonda hadi 106 hivi, lakini tofali halisi lilikuja na unene wake uleule. Kwa hiyo vyumba ambavyo tayari vilikuwa vimesinyaa vikaliwa tena na kuta pande zote. Ndiyo sababu korido yetu ya kupishana, iliyotakiwa kusoma sentimita 85 kwa hesabu ya rula, ilikuwa ikisoma pungufu hata ya hapo.

Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa bado naangalia matofali yaliyobaki na kumshukuru Mungu kwa mafundi waaminifu.

Mke wangu hakuwa amefika saiti tangu uchimbaji, kwa sababu alikuwa amezongwa na sare za shule za watu. Siku aliyopata nafasi alikuja vile alivyotoka kazini, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alitaka kujua kabati la nguo litakaa ukuta upi. Aliingia chumbani kwetu, akasimama katikati, akazunguka. Uso wake ukafanya kile ambacho hufanya mteja anapomwambia kwamba hajanenepa.

"Mbona kadogo?"

Tukamjibu wote kwa pamoja, kama kwaya: "Msingi huonekana mdogo!"

Hakubishana. Aliivua futi shingoni. Ile futi ina sentimita 150. Akailaza chini kwenye upande mrefu wa chumba, akaweka alama kwa kidole, akailaza tena, na safari ya pili haikufika mwisho. Iligonga ukuta. Upande wa mita 4.2 haukufika hata mita tatu. Akatoka bila neno, akaenda kwenye korido, akainama.

"Fundi. Korido yangu ni themanini."

"Mama, unajua msingi huwa unaone—"

"Futi haioni, fundi. Futi inapima."

Mafundi wakaacha kuchanganya zege. Fundi akatoa tepu yake ya chuma, akapima korido, akasoma moyoni, akapima tena. Kisha akatoa ile karatasi kwenye plastiki, akaweka rula, na sauti yake ikarudisha ujasiri wote. "Karatasi inasema milimita nane na nusu. Mimi nimejenga karatasi." Na alikuwa sahihi. Tulipima chumba baada ya chumba, na kila mstari wa ardhini ulifuata mstari wa kwenye karatasi kwa utii wa kutisha.

"Karatasi hii imetoka wapi?" mke wangu akauliza.

Watu wote pale wakamtazama shemeji, ambaye ghafla alikuwa anahesabu matofali.

Ramani halisi ikateremshwa kutoka juu ya kabati, ikaletwa, ikatandazwa juu ya matofali hayohayo yaliyobaki. Kopi ikawekwa juu yake. Ilifunika nusu, kamili, kona kwa kona. Na chini ya ramani halisi, kwa herufi zinazosomeka na mtu yeyote, kulikuwa na sentensi ambayo kwenye kopi ilionekana uchafu wa kioo cha mashine: "Usipime mchoro huu kwa rula. Fuata vipimo vilivyoandikwa." Fundi aliisoma kwa sauti, taratibu, mpaka nukta.

"Maneno mazuri haya," akasema.

Shemeji akaona zamu yake imefika. Akaishika ile kopi ndani ya plastiki yake, akainyanyua tuione vizuri. "Lakini haikulowa."

Mhandisi aliletwa kesho yake. Alizunguka, akagonga ukuta, akatazama zege, akatikisa kichwa. "Sioni kosa. Huu ni msingi mzuri sana wa nyumba nyingine." Baada ya kucheka alitusaidia. Kwa kuwa fundi alianzia kwenye kona sahihi na mstari sahihi wa mbele, kuta mbili zilizokutana kwenye kona ile zilikuwa mahali pake hasa, ila zilikatika kabla ya kumaliza safari. Hizo tungezirefusha, zege jipya likishikanishwa na la zamani kwa nondo. Nyingine zilikuwa zinapita katikati ya sebule na vyumba vipya. Hizo akaagiza zibomolewe kozi za juu, yaani mistari ya juu ya matofali, zishuke chini ya usawa wa sakafu na kufukiwa kwa kifusi kilichoshindiliwa, kwa sababu jamvi, yaani zege la sakafu, likimwagwa juu ya ukuta mgumu upande mmoja na udongo upande mwingine, nyufa huja zenyewe.

Kubomoa ulichokilipia ni kazi yenye sauti mbaya. Fundi hakuthubutu kushika nyundo. Alimpa yule kijana wa toroli, naye akaanzia chooni.

Matofali yaliyobaki tuliyatumia yote, na yakaisha ukuta ukiwa katikati. Sikuwahi kufurahi hivyo kuishiwa. Kwa mara ya kwanza nilihisi najenga kama watu wengine.

Tatizo lilikuwa zile simu zangu. Mmoja wa ndugu niliowapa namba alikuwa ameshamchukua mwenzake fundi wetu, waliojifunza naye pamoja, na siku moja akanipigia akiwa na furaha ya kunifokea sikioni. "Ndugu yangu, huyu mtu uliyenipa! Hebu fikiria, kokoto zimebaki!" Nilimwambia akae kwanza. Halafu nikamwuliza ramani yake ni ya karatasi saizi gani.

Shemeji alipotea kidogo, kisha akarudi saiti jioni moja akiwa na uchangamfu wa mtu aliyepata ufunuo. Tulikuwa tumesimama mimi, mke wangu na fundi, tunatazama msingi mpya, ramani halisi ikiwa mikononi mwa fundi.

"Nimefikiri," shemeji akasema. "Ile mashine ina kitufe cha kupunguza, na tumeona kinafanya kazi. Sasa, ina pia kitufe cha kupanua. Asilimia 141, nimekiona kwa macho yangu. Tukipitisha ramani hii hapo, bila kumlipa msanifu chochote, sebule peke yake..."

Fundi alikuwa anasikiliza kwa makini. Mkono wake ukawa unaelekea mfukoni, kwenye rula.

Mke wangu akaivua futi shingoni. Shemeji akakumbuka kwamba ana safari.