Gereji ya mtaani nayo ni shule

Gari likinoki siku mbili baada ya kutoka gereji, hukumu hutoka haraka: fundi yule kanjanja, hakusoma, alikuwa anabahatisha. Halafu linafuata pendekezo ambalo wazazi na viongozi wanalisema kwa sauti moja: vijana waondolewe chini ya miembe wapelekwe VETA, kwenye vyuo vya serikali vya ufundi stadi, na mwenye gari asimkabidhi ufunguo mtu asiye na cheti. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila wengi wanaoitoa hawajawahi kushinda gereji kutwa nzima wakaona saidia fundi anajifunza nini pale, na anajifunzaje.

Tuanze na mashtaka dhidi ya gereji, maana ni mazito kuliko watetezi wake wanavyokiri. Gari linachemsha. Fundi anafungua, anatoa thamostati, vali ya maji ya kupoozea injini, anaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu na kumwambia mteja, "Hii bosi ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Dawa hiyo kaipata kwa fundi wake, na fundi wake kaipata kwa wake. Thamostati haijali baridi ya nje. Kazi yake ni kuifanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu hadi 90 hivi, na ibaki hapo. Ukiitoa, kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta mengi, na baada ya wiki mwenye gari anauliza mbona siku hizi linakunywa hivi. Kwenye injini nyingi za Toyota kuna kubaya zaidi: kisahani cha chini cha thamostati ndicho kinachoziba njia ya mkato ya maji. Kikiondoka, maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lile lile lililoponywa Dar likifika mlima wa Kitonga linachemsha kuliko mwanzo.

Aliyefundishwa mfumo wa upoozaji kwa mchoro, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, hawezi kufanya kosa hilo na moyo wake ukatulia. Hapa chuo kinashinda. Na kinashinda pengine pia: chuoni huingii chini ya gari lililoshikwa na jeki moja na tofali; chuoni mtu hachanganyi oili ya giaboksi ya kawaida na ya CVT (giaboksi isiyo na gia za ngazi) kwa sababu zote ni nyekundu machoni pake. Na msichana anayetaka ufundi magari ana nafasi chuoni, wakati gereji nyingi zitamuuliza kwanza kama amepotea njia. Mimi sioni haja ya kubishana na lolote kati ya hayo.

Ninachobishana nacho ni imani kwamba yaliyo gereji ni upungufu mtupu.

Fikiria injini ya mazoezi ya chuo. Imefungwa kwenye stendi, haina rejeta, haina betri, nyaya zake zilikatwa zamani. Darasa linaifungua, vipuri vinapangwa mezani, vinatajwa majina, vinarudishwa. Muhula unaofuata darasa jingine linaifungua tena. Bolti zake zimefunguliwa na kufungwa mpaka meno yake yamelainika. Sasa piga hesabu ndogo. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, kwenye injini kama 1NZ, ile iliyo kwenye Toyota IST nyingi za mjini, inashikwa na bolti 10. Chukua darasa la vijana 30 na injini moja. Hata kila bolti ikapewa mtu wake, vijana 20 wanatoka pale hawajagusa hata moja. Wameona, wameandika, wamechora, na mtihani wa maandishi watafaulu vizuri tu. Vyuo vyenye injini nyingi au vinavyopokea magari ya wateja vinaikwepa hesabu hii. Visivyo na uwezo huo vinaishi nayo kila mwaka.

Tena idadi ya mikono ndiyo shida ndogo. Kubwa ni kwamba injini ile haiwashwi. Injini isiyowashwa haina namna ya kumwambia mwanafunzi kuwa amekosea. Kapanga ringi za pistoni midomo yote imekaa upande mmoja: hakuna moshi. Karuka jino moja kwenye taimingi, mpangilio unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake: hakuna kutetemeka. Kaacha kipande cha gasketi kuukuu kimeganda kwenye hedi: hakuna tone linalovuja. Mwalimu anapita, anaona kila kitu kimerudi mahali pake, anaweka alama ya vyema. Kosa linahitimu pamoja na kijana, na siku ya kwanza litakapojitokeza litakuwa ndani ya gari la mtu.

Gereji haina huruma hiyo. Jioni lazima iwake. Mteja amekaa juu ya tairi chakavu, anaangalia saa, na amekwisha lipa nusu. Niliwahi kumtazama kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane akihangaika na IST iliyokuwa inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Mashine ya kupimia haikuwepo. Aliliwasha, akachomoa soketi ya koili (kile kinachoipa plagi umeme) ya silinda ya kwanza: injini ikalegea, ikataka kuzima. Akairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu akachomoa na mlio haukubadilika hata kidogo. Akatikisa kichwa, akahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza, akarudia: sasa ya kwanza ndiyo iliyokufa. "Koili," akasema, akanyoosha mkono kuomba hela ya spea. Kuhamisha kile unachokishuku ili uone kama ugonjwa unahama nacho ni mantiki ambayo watu hulipa ada ya chuo kikuu wafundishwe, na wengine hawaipati. Huyu aliipata kwa sababu, akinunua koili isiyohitajika, hela ingemtoka yeye.

Ndivyo wanavyofundishwa pia moshi: wa buluu, oili inaungua; mweupe usioisha na maji yanapungua, hedi au gasketi; mweusi, mafuta yamezidi. Ndivyo wanavyofundishwa kuegemeza bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, wasikilize mlio unatoka tapeti au chini kwenye beringi za krenki. Vitabu navyo vina maarifa haya. Sikio lenyewe linataka injini nyingi mbovu, kila moja ikiwa mbovu kwa namna yake, na chuo kinachofundisha kwa injini nzima kinampa mwanafunzi ugonjwa mmoja tu: wa kufunguliwa.

Rudi kwenye zile bolti 10, maana ndizo zinazoonyesha pengo hasa liko wapi. Hedi ya aluminiamu hufungwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwa hatua. Kwenye hiyo 1NZ unakaza kwanza kwa nguvu iliyotajwa kitabuni ukitumia spana ya kupimia, kisha unaizungusha nyuzi 90, yaani robo duara, kisha nyuzi 90 nyingine. Fundi wengi wa mtaani hukaza "mpaka mkono useme". Injini nyingi za zamani za chuma zilivumilia hilo zaidi. Hedi ya aluminiamu iliyokazwa ovyo inapinda, na gasketi inaungua tena kabla ya Krismasi. Hapa mwenye cheti anasema: nilikwambia. Lakini nimeona gereji ambako kijana anapaka tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha kila bolti ili ajue imezunguka robo ngapi. Aliona kwenye video ya simu. Hakuna aliyemtoa gereji ili ajue hilo. Kilichohitajika ni maarifa yamfuate pale alipo. Spana ya kupimia, kwa kweli, bado hakuwa nayo.

Wanaotaka chuo kiibebe kazi yote hupenda kuitaja Ujerumani, na mfano huo unawageuka. Kijana wa Kijerumani anayesomea ufundi magari anakaa miaka mitatu na nusu, na muda wake mwingi unapita gereji, kwa mkataba, akilipwa posho kila mwezi, chini ya fundi mkuu aliyethibitishwa. Shule inampata siku moja au mbili kwa wiki, au kwa vipindi. Magari yalipojaa kompyuta, mwaka 2003 waliunganisha fani ya umakenika na ya umeme wa magari zikawa fani moja, na gereji ikabaki kuwa mahali pa kujifunzia. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imewahi kuifuata njia hiyo pamoja na Wajerumani kwa jina la uanagenzi pacha, ufundi magari ukiwemo. Wazo zuri. Ugumu ni kwamba mkataba unataka mwajiri mwenye ofisi na mhuri, na vijana wengi wako kwa mwenye gereji ya uani asiye na hata kibao.

Kwa hao, kilichopo ni urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na VETA, anaelekezwa alipopungukiwa, anapewa cheti. Nauunga mkono mpango huu kuliko mingine yote, kwa sababu unakubali kwamba yule kijana wa koili alikuwa shuleni. Wanaoubeza husema unagawa vyeti kwa watu wasiojua nadharia. Wasiwasi huo una msingi pale upimaji unapokuwa wa haraka haraka. Mtu anaweza kupita huku bado anaamini thamostati ni ya Wazungu. Basi waulizwe hilo hilo la thamostati, na la bolti, mbele ya injini inayowaka.

Kuna jambo moja la gereji ambalo cheti hakiligusi, na watetezi wenzangu hulipitia mbali. Fundi mkuu anaficha. Kijana anaosha vipuri, anafungua magurudumu, anashusha injini, lakini muda wa kuweka taimingi ukifika anatumwa dukani kwenda kufuata silikoni. Anarudi, kava limefungwa. Mwaka wa pili, vilevile. Ni rahisi kuuita huo unyonyaji, na mara nyingine ndio. Ila mtazame na mwenye gereji: akimfundisha kila kitu, mwaka ujao kijana anafungua gereji ng'ambo ya barabara na kuondoka na nusu ya wateja. Hakuna anayemlipa kwa kufundisha. Ada ya chuo inakwenda chuoni. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL ambayo sehemu yake huenda VETA, tangu mwaka 2021 inatozwa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10, kwa hiyo gereji ya watu watano haichangii na haina mlango wa kupokelea.

Mlango huo ndio ningependa ufunguliwe kabla ya jengo jingine la chuo. Kijana aandikishwe akiwa kwa fundi wake, apimwe hatua kwa hatua, na kila hatua anayofaulu fundi apate malipo: fedha taslimu, au spana ya kupimia na mashine ya kusomea makosa ya gari, vibaki gereji. Taimingi iwe moja ya hatua hizo. Tuone kama kijana atatumwa tena kufuata silikoni.