Shemeji Apima Kina cha Maji Venezia

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba hakuna kichochoro duniani kinachoweza kumpoteza. Tulipofika Venezia, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, alikataa katakata kwenda kubanana na watu San Marco, kwenye uwanja mkuu, akataka tuzunguke kwa miguu mtaa wa Cannaregio, upande wa kaskazini, ambako mifereji imetulia na nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha.

Tulianzia Ghetto, mahali ambapo Wayahudi walilazimishwa kuishi kuanzia mwaka 1516, na ambapo nyumba zimerefuka kupita za majirani, zikiwa na ghorofa zenye dari za chini, kwa kuwa watu walizidi kuongezeka na hawakuwa na pa kwenda ila juu. Kisha tukafika Campo dei Mori, penye sanamu ya mfanyabiashara mwenye pua ya chuma, ambayo wapita njia huisugua ili wapate bahati. Shemeji aliipita, akisema kwamba yeye hasugui pua ya mtu asiyemjua.

Tulikuwa tukielekea Fondamente Nove kupanda boti ya Murano, kisiwa cha mafundi wa vioo, akamnunulie dada yangu bilauri.

"Shemeji, tuulize," nikamsihi, kwa maana namba za nyumba za huko hazifuati barabara bali huzunguka mtaa mzima, na za Cannaregio zinapita 6000.

"Mtoto wa mjini haulizi njia," akajibu, akakata kona na kuingia katika kichochoro chembamba kilichoishia majini.

Hapo palikuwa na vidato vya mawe vilivyoshuka mferejini, naye akavishuka ili achungulie kama kuna njia upande wa pili. Kidato cha juu kilikuwa kikavu. Cha pili kilikuwa na ukoga wa kijani, kwani maji hupanda na kushuka huko kila siku, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza polepole, wima, simu ameiinua juu, mpaka akakaa kitako na maji yakamfika kiunoni. Kubadhi lake la kushoto likajiendea zake.

Bibi mmoja aliyekuwa akianika shuka dirishani alicheka mpaka vibanio vikamponyoka, na kimoja kikatua utosini mwa shemeji, ambaye, akidhani anapewa pole, aliweka mkono kifuani akamshukuru. Mzee aliyekuwa akipita na mashua iliyosheheni makreti ya maji ya kunywa akalinasa lile kubadhi kwa upondo na kumkabidhi kwa heshima zote.

"Nilikuwa napima kina," shemeji akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza.

Hajamaliza kujikamua, dada akapiga simu ya video.

"Mbona umerowa hivyo, bwana?"

"Mvua, mke wangu. Mvua ya huku haina adabu."

Dada akatazama kidogo. "Na huyo bibi hapo nyuma yako, mbona anaanika shuka?"

Shemeji akanipa simu. "Zungumza na dada yako," akasema, akaanza kupanda ngazi.