Msamaha wa kurasa kumi za mwisho

Riwaya za Kikristo zinazoandikiwa watoto wa miaka 8 hadi 12 zina haraka sana. Sura ya kwanza mzazi amefariki au ameondoka. Sura ya tatu mama ameshaolewa tena, na mtoto amehamishiwa nyumba yenye watoto wengine ambao hakuwaomba. Hapo katikati anapatikana rafiki mpya, kibarua cha baba wa kambo kinaota nyasi, mtu anaugua, ajali inatokea, watu wanapiga magoti, na zikibaki kurasa kumi hivi yule mtoto aliyekuwa haambiliki anamkumbatia baba wa kambo huku analia. Si zote ziko hivyo, lakini aliyesoma nne au tano anaijua njia hii hata akifumba macho.

Haraka hiyo ndiyo inayonisumbua, wala si dini iliyomo. Mabishano juu ya vitabu hivi, baina ya wazazi, walimu wa shule ya Jumapili, wakutubi na waandishi wenyewe, mara nyingi huishia kwenye kipimo: huyu anataka Mungu atajwe zaidi, yule anataka atajwe kidogo. Kwa maoni yangu wote wawili wanapima pasipouma.

Tuanze na wanaovitetea, maana hoja zao si za kubeza. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya sala huomba kabla ya mtihani, huimba kwaya, na usiku ambao mzazi amelazwa hospitali hugombana na Mungu kimyakimya chini ya shuka. Akifungua riwaya ya kawaida ya watoto hakuti hata kimoja kati ya hivyo. Wahusika wanafiwa, wanahama, wanaachwa, na hakuna anayefikiria kuomba. Mtoto huyo anaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba sehemu hiyo ya maisha yake haistahili kuandikwa. Kitabu kinachomwonyesha mhusika akisali, hata kwa hasira, kinamrudishia kitu ambacho ni chake.

Kisha kuna suala la mama wa kambo. Ngano za mataifa mengi zimemfanya kuwa mchawi, mchoyo au mnyanyasaji, na methali yetu wenyewe imeshamhukumu: mama wa kambo si mama. Mtoto ambaye jana baba yake kamleta mama mpya nyumbani atakutana wapi na mama wa kambo wa kawaida, anayejitahidi, anayekosea, anayechoka, ambaye naye anaogopa kukataliwa? Riwaya hizi, pamoja na kasoro zake zote, ni kati ya mahali pachache anapopewa nafasi ya kuwa mtu. Waandishi wake wanastahili shukrani kwa hilo, na hawaipati.

Wapinzani wao wana historia upande wao. Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, vuguvugu lililofuata lilifundisha kusoma maelfu kwa maelfu ya watoto maskini, na watoto wanaojua kusoma walihitaji vitabu. Vilivyoandikwa vingi vilikuwa mahubiri yaliyovishwa nguo za hadithi. Mary Martha Sherwood, katika riwaya yake maarufu ya mwaka 1818 kuhusu familia ya Fairchild, ana baba anayewachukua wanawe watatu, kwa kuwa walipigania mwanasesere, akawapeleka kutazama maiti ya mtu aliyetundikwa kwa kumwua ndugu yake. Somo lenyewe: ugomvi wa ndugu huishia pale. Kwa vizazi kadhaa kitabu hicho kiliwekwa mikononi mwa watoto kwa nia njema kabisa. Kufikia mwaka 1870 Mark Twain alikuwa akiwacheka wazi waandishi wa mtindo huo, kwa kisa cha mtoto mwema anayefuata kila kanuni ya vitabu vya shule ya Jumapili na kuambulia balaa tupu.

Leo hakuna mchapishaji atakayepitisha sura ya maiti. Lakini tabia ya kumtumia mtu kama mfano wa somo haijaisha. Imehamia kwa rafiki. Mtazame rafiki wa mhusika mkuu katika vitabu vingi vya aina hii. Wazazi wake hawaendi kanisani. Anauliza maswali ambayo mwandishi tayari ana majibu yake. Mnamo sura ya kumi na nne anaokoka, na kama hana bahati anaugua, ili kifo au upasuaji wake umfunze mwenzake jambo. Sisi husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Humu rafiki ndiye anayetiwa dhikini ili mwenzake apate faida.

Kinachonishangaza ni kwamba Biblia yenyewe, ambayo waandishi hawa wanaisoma kuliko mimi, haifanyi hivyo. Yonathani alikuwa mwana wa mfalme, na alikiri mbele ya Daudi kwamba ufalme, ambao kwa kuzaliwa ungekuwa wake, utakuwa wa Daudi. Urafiki ule ulimgharimu yeye, na hakuna aliyekuja kumfidia. Rafiki zake Ayubu, ambao watu huwataja kwa ubaya tu, walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kutamka neno. Balaa lilianza walipofungua midomo na kueleza kwa nini mateso yamempata. Mwandishi wa watoto anayetaka kielelezo cha urafiki wakati wa msiba ana siku saba nzima za kutumia kabla hajafika kwenye hotuba.

Kwenye familia zilizoungana jambo hili linaonekana wazi zaidi. Nyumba ya Yakobo ilikuwa na wana kumi na wawili wa mama wanne. Yusufu, ambaye mama yake Raheli alifariki akimzaa Benyamini, alikuwa na miaka 17, akichunga kondoo pamoja na wana wa Bilha na Zilpa na kupeleka kwa baba habari zao mbaya. Baba anapendelea waziwazi. Ndugu wanamchukia kiasi cha kushindwa kusema naye kwa amani. Mwalimu yeyote wa darasa lenye watoto wa kambo atakwambia hapo hakuna kigeni.

Sasa hesabu miaka. Yusufu anauzwa na ndugu zake karibu na umri huo wa miaka 17; anasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30; inapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo anajitambulisha kwa ndugu zake. Hiyo ni miaka 22 hivi. Na hata wanapokuja mbele yake, Yusufu hawakumbatii siku ile ile. Anasema nao kwa ukali, anamfunga Simeoni, anatia kikombe katika gunia la Benyamini, anaingia chumbani peke yake kulia kisha ananawa uso na kutoka. Anataka kujua kwanza kama wamebadilika. Baada ya kukumbatiana, Yakobo anaishi Misri miaka 17 mingine, na siku anapokufa ndugu wale wale wanaingiwa na hofu kwamba Yusufu sasa atalipiza kisasi. Miaka 17 ya kula kwa mkono wake, bado hawajaamini kwamba wamesamehewa. Nikisoma hapo huwa najiuliza ni nani aliyewaambia waandishi wetu kwamba familia ya kambo hupona kwa muhula mmoja wa shule.

Wapo watakaosema, na ni haki yao, kwamba riwaya ya watoto haiwezi kubeba miaka 22. Kweli. Mtoto wa miaka 9 anataka kitabu kifike mahali. Lakini kufika mahali na kumaliza kila kitu ni mambo mawili. Isaka na Ishmaeli, wana wa Abrahamu kwa mama wawili, walitenganishwa utotoni, Hajiri mama yake Ishmaeli akafukuzwa pamoja na mwanawe, na hakuna sura inayosimulia siku walipopatana. Tunachoambiwa ni kwamba Abrahamu alipofariki walimzika pamoja. Kwa mtoto anayemwona ndugu yake wa kambo wakati wa likizo tu, kisa hicho kina ukweli kuliko karamu ya sura ya mwisho.

Basi imani ikae wapi ndani ya hadithi kama hizi? Chukua nyumba ya kubuni. Mvulana wa miaka 11 amefiwa na baba. Mama ameolewa na mjane mwenye binti wa rika lake. Ni chakula cha jioni cha kwanza wote pamoja. Zamani baba ndiye aliyeombea chakula, kwa maneno yale yale kila siku, mpaka watoto wakawa wanayamalizia kabla yake. Leo baba wa kambo anainamisha kichwa na kuanza. Maneno yake ni mengine, na sala ni ndefu. Mvulana hafumbi macho. Anamtazama yule binti upande wa pili wa meza na kukuta naye hajafumba, kwa sababu kwao aliyeombea chakula alikuwa mama yake.

Kila kinachotakiwa kimo humo: msiba, nyumba mpya, mwanzo wa urafiki, na Mungu ambaye ghafla anaitwa kwa sauti ngeni. Mwandishi mwenye haraka angemfanya baba wa kambo aombe kwa hekima kubwa kuhusu uchungu wa watoto, mvulana akahisi joto moyoni, na mlango ukafungwa. Mwandishi mvumilivu angeacha sala ile iwe ya kawaida, hata ya kuchosha, na kuwaachia watoto wawili macho yao. Dini haikupungua. Hakuna anayeweza kuitoa sala hiyo bila kuivunja hadithi, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi ninapoamua kama kitabu ni cha Kikristo au kimebandikwa mistari tu.

Mahali ambapo sivumilii kabisa ni msamaha unaodaiwa kwa mtoto aliyeonewa. Kuna vitabu ambamo baba wa kambo anapiga, anatukana au anamnyima mtoto chakula, na njia ya kutoka ni mtoto kujirekebisha moyo: aheshimu wazazi, aombe, asamehe, na mtu mzima atabadilika. Watetezi husema amri ya kuwaheshimu baba na mama ipo na haiwezi kufutwa. Ipo. Ila ile barua kwa Waefeso inayowakumbusha watoto amri hiyo, mara tu baada yake inawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao. Riwaya inayonukuu nusu ya kwanza na kuificha ya pili inamfundisha mtoto kunyamaza. Mtoto wa hadithi akipigwa, amwambie mtu mzima, na mtu huyo achukue hatua. Msamaha ukija, uje akiwa salama.

Dhiki ya fedha nitaipita upesi, kwa kuwa kasoro yake ni moja: bahasha isiyo na jina inayofika siku kodi ya nyumba inapodaiwa. Watoto wengi wanaosoma vitabu hivi wameomba bahasha hiyo, na haikuja.

Hilo linatupeleka kwenye sala zisizojibiwa, na hapa naona upande wa wapinzani una nguvu zaidi, ingawa waliothibitisha hoja yao ni waumini. Katherine Paterson, aliyezaliwa China mwaka 1932 kwa wazazi wamisionari, alichapisha The Great Gilly Hopkins mwaka 1978. Ni kisa cha msichana anayezungushwa kwenye nyumba za walezi mpaka anaangukia kwa Maime Trotter, mama mwenye imani, mnene, mcheshi, anayempenda bila masharti. Msomaji anaomba Gilly abaki pale. Habaki, anachukuliwa na bibi yake mzaa mama, asiyemjua, na mama ambaye Gilly alimngoja miaka yote anageuka kuwa si yule wa ndotoni. Trotter mwenyewe ndiye anayemwambia kwamba habari za miisho ya furaha ni uongo. Kitabu kilipewa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1979, na kimewahi pia kulalamikiwa kwa sababu ya lugha chafu ya Gilly. Walalamikaji hawakukosa kabisa, kwani si kila mzazi anataka matusi mikononi mwa mtoto wa miaka 9. Ila imani ya Trotter inamshika msomaji kwa sababu haimlipi Gilly kwa kile alichotaka.

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa sifa tunaouzoea katika zaburi za maombolezo. Iliachwa ndani ya Biblia hivyo hivyo. Sidhani kila riwaya ya watoto iishe gizani. Ningemnunulia mtoto kitabu chenye tumaini kabla ya kile kinachoishia gizani. Lakini mwandishi anayeogopa sura moja tu ya ukimya wa Mungu ni mwoga kuliko waliokusanya Zaburi.

Limebaki pengo ambalo pande zote mbili hawaligusi: mzazi aliye hai lakini hayupo nyumbani. Waandishi wanapenda kumwua, kwa kuwa marehemu haleti mgongano. Hapigi simu Jumamosi, haahidi kuja akasahau, hamwulizi mtoto kama yule bwana mpya anamtendea vizuri. Watoto wengi wa familia za kambo wamo humo kwa sababu ya talaka au kutengana, na makanisa mengine bado yanaona aibu kulitaja neno talaka mbele ya watoto. Mchapishaji anayeogopa wanunuzi atamshauri mwandishi amgeuze baba aliyeondoka awe baba aliyefariki. Mwandishi akikubali, ameshaandika kitabu chepesi zaidi, na mtoto ambaye baba yake anaishi mtaa wa pili na mke mwingine atakisoma chote bila kujikuta humo.