Uvunaji wa mifugo: mfugaji analaumiwa kwa hesabu ambayo hatujaipiga

Kila bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi inaposomwa Dodoma, tarakimu mbili husikika pamoja. Moja ni ya fahari: Tanzania ilikuwa na ng'ombe wapatao milioni 36.6 mwaka 2022/2023. Nyingine ni ya nyama, tani 803,264 kwa aina zote mwaka huo, kutoka tani 738,166 mwaka uliotangulia. Ongezeko la karibu asilimia 9 si dogo, lakini ukiweka tani hizo kando ya wingi wa mifugo, swali linakuja lenyewe, mbona nyama ni kidogo hivi, na jibu huwa ni lile lile: mfugaji wa asili havuni, yaani hauzi mifugo ya kuchinjwa, anarundika tu.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Maksai anayekaa zizini hadi miaka minane anakula malisho mengi kuliko nyama anayoongeza, na nyama yenyewe inakuwa ngumu. Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua makumi ya maelfu ya mifugo huko Simanjiro, Longido na jirani zake. Wengi wangeuzwa mapema, familia zingebaki na fedha badala ya mizoga. Mkulima wa Kilosa, ambako wakulima na wafugaji hugombea ardhi, naye ana haki ya kuuliza kwa nini makundi yakue kuliko malisho yaliyopo. Sina la kupinga hapo.

Ninachokataa ni dhana kwamba mfugaji hajui hesabu. Tuipige pamoja naye, kwa mfano tu. Ana ng'ombe mia wa asili, na kati yao mbuguma, yaani majike wazima wa kuzaa, ni 40. Mimba ni miezi tisa, lakini kiangazi kikiwa kirefu na majani yakiwa haba, mbuguma hupitisha mwaka mmoja na nusu, pengine miwili, kabla ya kuzaa tena. Tuseme basi wanazaa 22 kwa mwaka. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na maradhi mengine yanachukua ndama sita. Wamebaki 16, nusu yao madume. Wale mitamba wanane, yaani majike ambao bado hawajazaa, wengi wao hawauziki, kwa sababu kuna mbuguma wanaozeeka na wengine wanaokufa, na nafasi zao lazima zijazwe. Mwisho wa hesabu anaweza kupeleka mnadani madume wanane, ambao kwanza atawalea miaka minne au mitano, na mbuguma wazee wawili au watatu. Kumi, kumi na moja kati ya mia. Huo "uvunaji mdogo" tunaomlaumu nao ndio karibu wote alionao. Akizidisha hapo, anachinja mbegu.

Na kwa nini ang'ang'anie wengi? Mwulize aliyepita ukame wa 2009. Kundi la mia likipoteza wawili kati ya kila watatu, wanabaki thelathini na kitu na nyumba inaanza upya. Kundi la kumi na tano likipata pigo hilo hilo wanabaki watano, ambao mmoja akiuzwa kwa ada na mwingine kwa matibabu, mfugaji huyo ameacha kuwa mfugaji. Wingi wa mifugo kwake ni bima. Mbuguma akichinjwa hutoa kilo mia na kitu za nyama mara moja. Akiachwa, watoto wanapata maziwa kila mvua ikinyesha.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kuhusu tani zenyewe. Zinahesabu nyama bila kusema imetoka kwa mnyama gani. Kiangazi kikikaza, mbuguma na mitamba hushushwa mnadani kwa bei ya kutupa, wengine wakiwa na mimba, na machinjioni wote huandikwa kama uzalishaji. Mwaka huo chati inapanda. Pigo linaonekana miaka miwili au mitatu baadaye, ndama wanapokosekana, na wakati huo hakuna anayelihusisha na ile sherehe ya tarakimu. Ningetamani hotuba ya bajeti itaje pia, kando ya tani, majike wangapi walichinjwa na ndama wangapi walikufa.

Maana ndama ndiye mwenye jibu. Chanjo ya ndigana kali imetumika kwa wafugaji wa kaskazini tangu miaka ya mwisho ya 1990, na sindano moja humkinga ng'ombe maisha yake yote. Rudi kwenye zizi letu la mia: vifo vikishuka kutoka ndama sita hadi wawili, kuna ng'ombe wanne zaidi wa kuuza kila mwaka, na hakuna aliyelazimika kumhubiria mfugaji apunguze mifugo. Wanne kati ya mia, kwa kundi la taifa la milioni 36.6, ni zaidi ya ng'ombe milioni moja kwa mwaka.